Jeraha Lisilo Kovu

Wahenga walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Methali hii ni fupi, lakini ndani yake mna elimu ambayo wataalamu wa maabara waliitafuta kwa muda wa karne nzima. Yatufunza mambo matatu. Kwanza, hofu yaweza kuishi baada ya hatari yenyewe kupita. Pili, hofu hiyo hushikamana na kitu kisicho na hatia, maana unyasi hauumi. Tatu, mwenye kushtuka hachagui kushtuka. Mwili wake humtangulia. Hali hii inapozidi kipimo, ikamnyima mtu usingizi, kazi na ujamaa, siku hizi huitwa mfadhaiko wa baada ya kiwewe. Chama cha madaktari wa akili wa Marekani kiliuingiza ugonjwa huo katika kitabu chake cha maradhi mwaka 1980, miaka mitano baada ya vita vya Vietnam kwisha.

Katika insha hii nakusudia kueleza jinsi wanyama walivyotumiwa katika kuuchunguza ugonjwa huo, na jambo walilolithibitisha juu ya binadamu. Habari yangu nitaianza katika wilaya ya Rungwe, kwa watu ambao hawakupata kuchunguzwa na mtu yeyote. Kwa kuwa thamani ya elimu huonekana vizuri zaidi inapowekwa mbele ya wale waliokosa faida yake.

Rungwe ni nchi ya milima, mvua, migomba na ng'ombe. Wajerumani waliweka boma lao Tukuyu, wakapaita Neu-Langenburg. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, nchi hiyo ilijikuta mpakani, jirani na makoloni mawili ya Waingereza: Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Mwezi wa Septemba mwaka huo jeshi la Wajerumani lilishuka kuishambulia Karonga, likarudishwa. Mwishoni mwa Mei 1916 majeshi ya Jenerali Edward Northey yalivuka mpaka na kuitwaa Neu-Langenburg, kisha yakawafuata Wajerumani upande wa Njombe na Iringa. Hivyo Rungwe ikawa njia ya majeshi, na wenyeji wa njia ndio wapagazi wa karibu.

Vita vile vilichukuliwa juu ya vichwa na mabega ya watu. Mbung'o waliwaua farasi na nyumbu, barabara zilikuwa chache, na mvua ilizifanya hizo chache kuwa tope. Kwa hiyo kila risasi, kila gunia la unga na kila sanduku la dawa lilihitaji mtu wa kulibeba, na pande zote mbili ziliwatwaa wenyeji kwa kazi hiyo. Waingereza peke yao waliandikisha wapagazi wapatao milioni moja katika vita vya Afrika Mashariki, na hesabu yao ya waliokufa ilikaribia 95,000. Wengi wao hawakuuawa na adui. Waliuawa na kuhara, malaria, kichomi na njaa. Jina la Kariakoo, mjini Dar es Salaam, latokana na jina la Kiingereza la kikosi hicho cha wapagazi. Lakini sanamu iliyosimamishwa katika mji huo mwaka 1927 ni ya askari mwenye bunduki, si ya mtu mwenye mzigo.

Historia imezoea kuwahesabu waliokufa. Waliorudi hawahesabiwi, kwa kuwa hudhaniwa kuwa wamepona. Lakini mpagazi aliyerudi alikuwa amelala kando ya maiti, amepigwa viboko alipoanguka, amesikia mizinga bila ya kuwa na silaha mkononi, na amewaacha wenzake njiani bila ya kaburi. Alirudi na miguu yake miwili, na mwili usio na kovu la kuonyesha. Nani aliuliza kama alilala usiku?

Huko Ulaya swali hilo lilikuwa limekwisha kuulizwa. Mwezi wa Februari 1915 Charles Myers, mwanasaikolojia wa Cambridge, aliandika katika jarida la The Lancet habari za askari waliopoteza kuona, kunusa, kuonja na kumbukumbu baada ya makombora kupasuka karibu nao. Madaktari walidhani kwanza kwamba mshindo wa kombora ulikuwa umeutikisa ubongo. Baadaye walipata askari wa namna ileile ambao hawakuwa karibu na kombora lolote, na hapo shaka ikaingia: je, huyu ni mgonjwa au ni mwoga? Jibu la swali hilo lilikuwa uhai au mauti. Jeshi la Uingereza lilipiga risasi askari wake 306 kwa kutoroka, woga na makosa mengine ya namna hiyo, nao hawakusamehewa mpaka mwaka 2006. Askari wa Ulaya alikuwa na bahati ya kutiliwa shaka, maana anayetiliwa shaka amekwisha kuonekana. Mpagazi hakufikiriwa hata kiasi hicho.

Basi hapa ndipo mnyama anapoingia katika historia hii. Mtu akisema kwamba anateswa na mambo yaliyopita, wenye mioyo migumu waweza kusema kwamba anajisingizia, ama anatafuta malipo, ama anakwepa zamu yake. Mnyama hawezi kushutumiwa hivyo. Mbwa hatafuti pensheni, wala panya haogopi mahakama ya jeshi. Mnyama akionyesha alama zilezile, imethibitika kwamba alama hizo ni kazi ya mwili, si hila ya ulimi. Kwa muda mrefu hiyo ndiyo iliyokuwa huduma kubwa ya wanyama kwa watu walioumia moyoni: walikuwa mashahidi wasioweza kununuliwa.

Shahidi wa kwanza alikuwa paka. Mwaka 1915 Walter Cannon, wa Chuo Kikuu cha Harvard, alitoa kitabu kilichoonyesha kwamba paka aliyetishwa na mbwa humwagikiwa damuni na adrenalini, akaandaliwa kupigana au kukimbia: moyo huenda mbio, sukari huongezeka, tumbo husimamisha kazi yake. Shahidi wa pili alikuwa mbwa. Septemba 1924 mafuriko yaliingia katika mji wa Leningrad, na mbwa wa Ivan Pavlov wakazingirwa na maji vizimbani hata wakaogelea wakiwa na pua karibu na dari. Waliokolewa kwa kuvutwa chini ya maji na kupitishwa mlangoni. Baada ya siku hizo baadhi yao walisahau mafunzo waliyokuwa wamefundishwa kwa muda mrefu. Na mmoja wao, hata alipokwisha kupata nafuu, alivurugika upya maji kidogo yalipopenyezwa chini ya mlango wa chumba chake. Yale maji machache yalikuwa unyasi wa methali yetu.

Mwaka 1936 Hans Selye, huko Montreal, aliandika kwamba panya waliopatwa na baridi, majeraha au sumu, wote walionyesha mabadiliko yaleyale: tezi zilizo juu ya mafigo zilivimba, viungo vya kinga vilinywea, na tumbo lilipata vidonda. Tezi hizo hutoa homoni ambazo mojawapo, yaani kotisoli, imekuwa kipimo cha taabu ya mwili hata leo. Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier, wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, waliandika habari za mbwa waliopigwa na umeme bila ya njia ya kuuzima. Mbwa hao walipowekwa baadaye mahali ambapo wangeweza kuruka na kuokoka, wengi wao walijilaza wakayapokea mateso. Wenzao waliopata umeme kiasi kilekile, lakini wakiwa na uwezo wa kuuzima, hawakuharibika hivyo. Basi maumivu hayakuwa sababu pekee ya uharibifu. Sababu ilikuwa kukosa amri juu ya maumivu. Atakayelisoma neno hili na kumkumbuka mpagazi, aliyekatazwa kukimbia na asiyepewa silaha ya kujitetea, ataona kwamba elimu ya maabara imepita karibu na mlango wa Rungwe bila ya kubisha hodi.

Tangu miaka ya 1980 kazi kubwa imefanywa kwa panya. Joseph LeDoux, wa New York, pamoja na wenzake, alifuata njia ya hofu ndani ya ubongo. Panya akisikia mlio kisha akapigwa na umeme, muda si mrefu mlio peke yake humgandisha, na kiungo kinachoufunga mlio na maumivu ni kile kiitwacho amigdala, kidogo mfano wa lozi. Ikaonekana pia kwamba mlio ukirudiwa mara nyingi bila ya umeme, panya huacha kuganda. Lakini hofu yake haikufutika, imefunikwa na somo jipya, na yaweza kufunuka tena siku nyingine au mahali pengine. Juu ya msingi huo yamejengwa matibabu ya siku hizi, ambayo mgonjwa huongozwa polepole kuyakabili yale anayoyaogopa mpaka moyo wake ujifunze kwamba unyasi si nyoka.

Jambo jingine lilitoka Beer-Sheva, nchini Israeli. Huko Hagit Cohen na wenzake waliwaweka panya penye harufu ya mkojo wa paka, adui wao wa asili. Wote walitishika, lakini baada ya siku kadhaa wengi walirudi katika hali yao, na kiasi cha robo hivi tu walibaki na wahka uliopita kiasi. Ndivyo ilivyo kwa watu: wengi hupatwa na msiba mmoja, na wachache hubaki nao. Tangu hapo swali likageuka. Watu waliacha kuuliza tu nini humwumiza kiumbe, wakaanza kuuliza nini humponya.

Jibu la swali hilo halikupatikana lote ndani ya vizimba. Sehemu yake ilipatikana porini, katika Afrika Mashariki yetu. Mwaka 1978 Robert Sapolsky alianza kuwachunguza nyani wa Masai Mara, nchini Kenya, kwa kuwalaza kwa mshale wa dawa na kuchukua damu yao. Aliona kwamba nyani dume wa cheo cha chini, aliyezoea kuonewa, huwa na kotisoli nyingi hata siku ya amani. Kisha, katika miaka ya 1980, madume wakali wa kundi moja walikula nyama yenye kifua kikuu katika jaa la hoteli ya watalii, wakafa. Waliobaki walikuwa wapole, na kundi likawa pole. Ajabu ni kwamba miaka mingi baadaye, madume wote wa zamani walipokwisha ondoka na wageni wakaingia, upole huo ulidumu, na wanyonge wa kundi hilo hawakuonyesha zile alama za taabu zilizozoeleka kwingine. Sapolsky na Lisa Share waliyachapisha hayo mwaka 2004. Maana yake ni kwamba damu ya mnyonge husimulia tabia ya jamii yake.

Rungwe yenyewe ina ndugu wa nyani hao. Kipunji, kima wa msitu wa Mlima Rungwe na wa milima ya Livingstone, alitambuliwa na wataalamu mwaka 2003, akatangazwa kwa ulimwengu mwaka 2005, na urithi wa damu yake waonyesha kwamba ana ujamaa wa karibu na nyani. Lakini wataalamu walianza kumtafuta kwa sababu wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja. Jambo laweza kujulikana na wenyeji kwa jina lake muda mrefu kabla halijapewa namba na jina la Kilatini. Neno hilo tulishike, maana tutalihitaji.

Ushahidi ulio mzito kuliko wote watoka Mikumi, mwendo wa siku moja kwa basi kutoka Tukuyu. Kabla ya biashara ya pembe za ndovu kupigwa marufuku mwaka 1989, majangili waliwaua ndovu wa hifadhi hiyo kwa wingi, na walianza na wenye pembe kubwa, yaani wazee. Mwaka 2008 Kathleen Gobush, Benezeth Mutayoba wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na Samuel Wasser walitoa uchunguzi uliofanywa bila ya kumgusa ndovu hata mmoja: walikusanya mavi yao, wakapima ndani yake homoni za taabu na alama za ujamaa. Walikuta kwamba majike yaliyoishi katika makundi yasiyo na bibi mzee wa kuyaongoza, yasiyo na ndugu wa karibu na yasiyo na umoja imara, yalikuwa na homoni hizo nyingi zaidi kuliko majike ya makundi yaliyosalimika. Na yale yaliyokosa ndugu wa karibu yalizaa kwa uchache. Bunduki zilikuwa zimenyamaza kwa miaka zaidi ya kumi, lakini miili ilikuwa bado katika vita.

Huko Pilanesberg, Afrika ya Kusini, ndovu vijana waliohamishwa baada ya wazee wao kuuawa walikua bila malezi, wakawaua vifaru zaidi ya 40 katika miaka ya 1990. Mwaka 1998 waliletewa madume sita wakubwa, na mauaji yakakoma. Basi dawa ya yatima mkorofi ilikuwa mzee.

Hapa turudi Rungwe. Kati ya mwaka 1934 na 1938 Monica Wilson na mumewe Godfrey waliishi katika wilaya hiyo wakiandika desturi za Wanyakyusa. Maandishi yao yaeleza jamii ambayo watu wa rika moja walijenga kijiji kimoja, wakala na kuzungumza pamoja, na raha hiyo ya ujirani ina jina lake, ukwangala. Yaeleza pia mazishi yenye ng'ombe, vilio na ngoma za vita, na baada yake taratibu ndefu za kuwaosha wafiwa na kumtenga maiti na walio hai, ili asiwajie katika ndoto. Aliyeipuuza kazi hiyo alihofiwa kuingiwa na wazimu. Mtu wa haraka ataita hayo ushirikina. Lakini tazama yanasema nini: kwamba kifo kilichoonwa hubaki ndani ya aliyekiona, kwamba alama yake ni ndoto inayorudi na akili inayovurugika, na kwamba tiba yake haiwezi kufanywa na mtu mmoja. Wanyakyusa walikuwa na jina la kipunji kabla ya wataalamu; pengine walikuwa pia na nusu ya elimu ya kiwewe.

Tena twaona ukubwa wa hasara ya wapagazi. Wale waliowaacha wenzao porini waliwaacha pasipo maiti ya kuzikwa na pasipo wafiwa wa kuoshwa. Vita haikuchukua watu tu. Ilichukua na njia ya kuwalilia. Wala elimu haikumkinga hata mwenye kuiandika: Godfrey Wilson, ambaye makala yake juu ya mazishi ya Wanyakyusa yalichapishwa mwaka 1939, aliingia katika kikosi cha tiba cha jeshi la Afrika ya Kusini katika Vita Kuu ya Pili, akajiua mwaka 1944.

Yafaa sasa tuseme mipaka ya wanyama hao, maana shahidi mwema si lazima awe anajua yote. Panya huonyesha hofu, lakini haonyeshi aibu. Haulizwi kwa nini yeye alinusurika na mwenzake akafa, wala hajilaumu kwa mzigo alioutupa. Kwa miaka mingi uchunguzi ulifanywa zaidi juu ya panya dume, ingawa wanawake hupatwa na ugonjwa huu kuliko wanaume. Na dawa imponyayo panya si lazima imponye mtu. Mwaka 2002 ilionekana kwamba sikloserini, dawa ya zamani ya kifua kikuu, iliwasaidia panya kujifunza upesi kutoogopa. Lakini ilipojaribiwa kwa askari waliorudi vitani pamoja na matibabu ya kuikabili hofu, matokeo hayakufuata tumaini. Tena kuna deni. Mbwa wa Pennsylvania hawakuombwa ridhaa yao, na elimu iliyopatikana kwa maumivu ya kiumbe hai isipotumiwa kupunguza maumivu, imekuwa ukatili mtupu. Ndovu wa Mikumi wametuonyesha kwamba njia nyingine ipo: kumchunguza mnyama aliyekwisha kuumizwa na ulimwengu, bila ya kumwongezea jeraha.

Mimi naona kwamba karne hii ya uchunguzi imetoa hukumu mbili. Ya kwanza ni kwamba jeraha la hofu ni la mwili kama lilivyo la mguu uliovunjika. Kwa hiyo halimwaibishi mwenye nalo. Ya pili ni kwamba jeraha hilo hupungua au huzidi kwa kadiri ya watu wanaomzunguka majeruhi. Hukumu ya kwanza ilihitaji maabara. Ya pili ilikuwa ikijulikana vijijini, ikapuuzwa na wale waliowahamisha watu kwa maelfu kutoka katika vijiji hivyo.

Wapagazi wa mwaka 1916 hawapo tena, na hatuwezi kuupima usingizi wao. Lakini wazee waliopigana vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 wangali wapo katika wilaya nyingi za Tanzania, wakilima, wakisali na kuwalea wajukuu. Mwanafunzi wa historia anapomwendea mzee wa namna hiyo huuliza kwa desturi jina la kikosi chake, mji alioingia na tarehe. Hayo ni maswali mema. Yafaa aongeze moja: baada ya kurudi, nani alikaa nawe? Jibu lake litatufundisha juu ya vita jambo ambalo panya hakuweza kulisema, na ambalo ndovu alilisema kwa mavi yake kwa kuwa hakujaliwa ulimi.